"You" ni Wewe au Ninyi?

Ukifasiri sentensi ya Kiingereza yenye neno "you", jiulize kwanza: anaambiwa mmoja au wengi? Kiswahili hakikuruhusu kulikwepa swali hilo. Utaandika "una haki ya kupiga kura" au "mna haki ya kupiga kura". Kiingereza cha leo kimenyamaza.

Zamani hakikuwa hivyo. Mtu mmoja aliitwa "thou". "You" ilikuwa ya wingi. Kisha katika Zama za Kati, kwa kuiga Kifaransa, wakaanza kumwita mkubwa mmoja kwa wingi, utadhani cheo kimemzidisha idadi. Bwana akawa "you", mtumishi akabaki "thou".

Katika karne ya 17 wafuasi wa George Fox, wale waitwao Quakers, walilikataa jambo hilo. Kwao watu wote walikuwa sawa mbele za Mungu, hivyo walimwambia kila mtu "thou", awe mchunga kondoo au hakimu. Wakubwa waliona wametukanwa, na baadhi ya waliothubutu kusema hivyo walipigwa. Kwa neno moja tu! Hatimaye usawa ulikuja kwa mlango ambao hawakuutazamia: "thou" ikatoweka katika usemi wa kawaida, na kila mtu, hata mtumishi, akawa "you".

Kwetu Uganda desturi hiyo tunaijua. Kwa Kiganda rafiki huambiwa "wasuze otya", mzee "mwasuze mutya". Ndiyo maana baadhi yenu huniandikia "Mwalimu, mmeamkaje?" nami niko peke yangu. Adabu yenu naipokea kwa furaha. Lakini katika Kiswahili sanifu heshima hukaa kwingine, katika "shikamoo", "tafadhali" na "mheshimiwa". Rais na muuza ndizi wote ni "wewe", jambo ambalo mimi binafsi nalipenda sana.

Usidhani haya ni ya darasani tu. Chukua hati ya Kiingereza inayomwamuru mpangaji kuhama, nayo inasema "you". Mfasiri akiandika "mhame" badala ya "uhame", amewaongeza mke na watoto. Kabla ya kuchagua, rudi juu ya hati, usome ni jina la nani lililoandikwa pale.