Dakika Tatu za Oksijeni

Niliingia kazi ya kutoa dawa za usingizi nikitokea wodi ya wazazi. Baada ya masomo katika hospitali ya KCMC, Moshi, nilipangiwa hospitali ya wilaya ambako mtu wa usingizi nilikuwa mimi peke yangu. Wagonjwa wengi waliogopa sindano yangu kuliko kisu, na hawakukosea. Hatari kubwa huja kabla ngozi haijakatwa, pale dawa inapozima pumzi ya mtu na wewe bado hujaishika njia yake ya hewa.

Niliowahofia zaidi ni wajawazito wa dharura. Mimba husukuma kiwambo juu, akiba ya hewa mapafuni inapungua, huku mwili ukitumia oksijeni nyingi kuliko kawaida. Mtu mzima mwenye afya akivuta oksijeni tupu kwa dakika tatu, anaweza kukaa bila kupumua hata dakika saba au nane kabla oksijeni ya damu haijashuka mno. Bila akiba hiyo ya oksijeni, ni kama dakika moja tu. Kwa mjamzito muda huo hupungua sana.

Ndiyo maana sikukubali kuharakishwa. Daktari ameshavaa glavu, shuka zimetandazwa, wote wananitazama; mimi nainua kichwa cha kitanda na kubana kinyago cha oksijeni kisivuje.

“Dada, nitaamka?” mama mmoja aliniuliza ndani ya kinyago.

“Utaamka, mama. Vuta pumzi taratibu. Tena.”

Mfuko wa hewa ukawa unanywea na kujaa kwa pumzi zake. Dakika tatu zilipotimia, ndipo nikasukuma dawa.

Tulifundishwa kwamba mgonjwa mwenye tumbo lililojaa asipuliziwe hata pumzi moja kati ya dawa na kuingizwa mpira wa kupumulia, hewa isije ikaingia tumboni, matapishi yakapanda na kushukia mapafuni. Msaidizi alibonyeza gegedu la koo, kama daktari Sellick alivyoeleza mwaka 1961, nasi tukangoja misuli ilegee huku namba za oksimita, kipimo cha oksijeni ya damu, zikishuka. Hofu ile ya matapishi ni ya kweli. Lakini Sellick mwenyewe aliandika kwamba koo likibonyezwa, mapafu yanaweza kupuliziwa bila tumbo kujaa. Mwaka 2019, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa mahututi 401 ulionyesha kwamba oksijeni ilishuka vibaya kwa kama 11 katika kila 100 waliopuliziwa kwa mfuko, na kama 23 kwa wasiopuliziwa. Matapishi kuingia mapafuni hakukuonekana kuongezeka. Hao hawakuwa wajawazito wa thieta, lakini oksijeni ikianza kushuka, mimi hupulizia, kwa upole.

Sasa nafundisha vijana, na somo la kinyago hutangulia la laringoskopu, kifaa cha kuangalia koo wakati wa kuingiza mpira. Kidole gumba na cha shahada hubana kinyago. Vitatu vilivyobaki hushika mfupa wa taya na kuuinua, bila kukandamiza nyama laini chini ya kidevu. Pumzi iwe ndogo, kifua kinyanyuke kidogo, msukumo usizidi sentimita 20 za maji. Kinyago kikivuja, kishike kwa mikono miwili, mwenzako abinye mfuko. Mgonjwa hafi kwa kukosa mpira kooni. Hufa kwa kukosa oksijeni.

Mwanafunzi akinieleza, kabla hajagusa sindano, atafanya nini mpira ukikataa kuingia, hapo namkabidhi mgonjwa.