Nilimwambia Atupe Dawa

Leo sina somo, nina toba.

Wengi wenu mmesikia ushuhuda wangu, jinsi nilivyokuwa makanga na Bwana akaniondolea sigara. Kuna sehemu huwa naruka. Nilipoacha, njaa ilinijia kama mtu aliyetoka kufunga siku saba. Mandazi manne asubuhi, peremende mchana kutwa, chapati usiku. Mkono uliozoea sigara ulitaka tu kitu cha kupeleka mdomoni. Mwaka mmoja, kilo 9. Kanisani wakasema wokovu umenipenda, nami nikacheka nao. Nyumbani nilisimama na suruali isiyofunga nikiwaza, sigara moja tu asubuhi, hii njaa itulie. Na hapo tayari nilikuwa chuo cha Biblia!

Sasa, miaka mitatu iliyopita kijana mmoja wa kanisa letu, fundi wa magari, alikuwa mwezi wa pili bila sigara. Mara ya kwanza alipoacha alinenepa, akachekwa, akairudia. Kwa hiyo safari hii daktari alimpa vidonge vya bupropioni, vinavyosaidia kuacha sigara na pia kuzuia uzito usipande haraka. Akaniuliza kama ni kukosa imani. Mimi, mtu wa ile suruali, nikamwambia, "Ndugu, tupa hizo dawa, tuingie kwa maombi." Alitupa. Kilo zikaja, sigara ikafuata, na aibu ikamtoa hata kanisani.

Mwezi jana dada mmoja aliniletea swali lilelile. Nilinyamaza, nikamwita muuguzi tunayeabudu naye. Alitueleza kwamba nikotini huzima njaa na huufanya mwili uchome chakula haraka. Ukiiacha, njaa inarudi na mwili unapunguza mwendo. Kwa wastani watu huongeza kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, nyingi zikija miezi 3 ya mwanzo. Bupropioni, au chingamu na plasta za nikotini, hupunguza ongezeko hilo wakati mtu anazitumia. Akimaliza dozi, kilo nyingine huja tu. Si muujiza, lakini zinamvusha mtu ile miezi ambayo adui anabisha mlango kila asubuhi. Tafadhali msiazimane vidonge. Bupropioni haimfai mwenye kifafa, kwa hiyo daktari akuulize kwanza. Na hata ukinenepa kidogo, kuacha sigara bado kuna faida kubwa zaidi kwa moyo na mapafu yako.

Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Luka aliyesafiri naye alikuwa tabibu. Hayo niliyajibu vizuri kwenye mtihani chuoni. Siku kijana aliposimama mbele yangu na dawa mkononi, sikukumbuka hata moja.

Jumanne nilimfuata gereji. Nikamwambia nilikosea, anisamehe. Alipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu, macho chini. Kisha akasema, "Pasta, nikiacha tena si nitanenepa tena?"

Nikamwambia huenda, lakini safari hii hatachekwa nikiwepo.

Alhamisi saa tatu tunaenda kliniki, yeye na mimi. Mtuombee.