Injini Iliyozaliwa na Turbo

Gareji nimemwachia mpwa wangu, maana goti limekataa kushuka shimoni. Lakini vijana hawajaniacha. Wananifuata hadi barazani na swali lao ni lile lile: "Mzee, Starlet niitie injini gani ya turbo?" Anayeuliza huku akitazama simu namjibu kwa mkato. Anayekaa akanywa kahawa namweleza kama ninavyoandika hapa.

Nilizaliwa Majengo, Mombasa. Baba alikuwa kuli bandarini, mama akipika mahamri ya kuuza, na shule iliishia pale karo ilipoishia. Mjomba akanipeleka Shimanzi kwa fundi ambaye sote tulimwita Maalim. Hakusomesha chuoni; jina lilimganda kwa kuwa hakuwahi kufungua injini kabla ya kupiga hesabu kwa chaki. Nilianza kwa kuosha pistoni kwa mafuta ya taa. Mengine ya ujana hayana utamu wa kusimulia.

Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini. Humo zikaja Starlet GT Turbo, kigari cha kilo mia nane na ushei chenye injini ya 4E-FTE: sisi (cc) 1331, nguvu za farasi 135. Zilikuwa chache. Zilizojaa mjini ni Starlet za kawaida, zenye 4E-FE isiyo na turbo. Injini hizo ni ndugu, silinda upana mmoja, mwendo wa pistoni mmoja. Basi mtu akishapitwa na GT kwenye mlima wa Mazeras, kesho yake yuko gareji: fundi, nifungie turbo kwenye hii hii niliyo nayo.

Maalim alikuwa akikataa. Fundi mwenzetu alikuwa akikubali. Jina lake nalihifadhi, wanawe ni wateja wa mpwa wangu. Tatizo ni hili: 4E-FE inabana hewa mara 9.6, ya turbo mara 8.2 tu. Ukiisukumia hewa ya turbo ile inayobana sana, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na injini ikagonga. Dawa ya mwenzetu ilikuwa kupandisha gasketi juu ya gasketi, silinda hedi iinuke, mbano ushuke.

Siku moja Maalim alimwandikia hesabu kwenye pipa la oili. Silinda moja ni sisi 333. Kwa mbano wa 9.6, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni sisi 38.7, kwa 8.2 ni 46.2. Tofauti, saba na nusu. Upana wa silinda ni milimita 74, kwa hiyo hedi iinuliwe kama milimita 1.7. Mwenzetu akacheka. "Si ndiyo gasketi yangu hiyo, Maalim?"

"Hesabu haina kosa," akajibu. "Tazama pembeni."

Akaokota pistoni na kupitisha kidole kwenye ukingo wake. Hapo, alisema, pistoni imeundwa ikaribie hedi kabisa, pengo la milimita moja hivi, ili ikifika juu iukamue mchanganyiko wa hewa na petroli ukimbilie katikati penye plagi, uwake upesi uishe. Ukiinua hedi, mkamuo umekufa. Mchanganyiko unabaki pembeni ukichemka, ukingoja kulipuka wenyewe. Umemfungia mwizi mlango ukamwachia dirisha.

Mwenzetu akahamia Nairobi, na huko gasketi zake zikapata sifa. Wanaomsifu hawataji mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari; mgandamizo wa hewa yake ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza huko takriban moja ya sita ya nguvu zake. Turbo hulipa deni hilo, mteja akaona amepewa gari jipya. Lakini geji ya turbo husoma kile kilichozidi hewa ya nje. Ikisoma 0.7 Nairobi, ndani ya injini jumla ni kama 1.5, ikisoma 0.7 Mombasa, jumla ni 1.7, tena hewa ya joto. 4E-FTE ina sensa inayopima jumla hiyo, na kontroli boksi huongeza petroli kwa kadiri yake. Zile za gasketi mbili petroli yake iliwekwa sawa kwa bisibisi, Nairobi, ikaachwa hivyo.

Ikifika Pasaka, magari hayo yaliteremka Mombasa na familia, na mengine yalitufikia yakivutwa kwa kamba. Nikifungua nakuta pistoni imemeguka kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande kimelala kwenye karta. Tulipokutana kwenye maziko ya Maalim, mwenzetu aliniambia magari yake bado yanakimbia. Nikamuuliza yako wapi. Akasema yameuzwa.

Sasa nyinyi mnaotaka 3S-GTE kwa kuwa Celica yenye injini hiyo ilishinda Safari Rally mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Injini nzuri, sina neno. Lakini ni sisi 1998, bloku ya chuma. Ndani ya Starlet itakulazimu kukata bodi na kubadili gia boksi, shafti, breki na rejeta, na pua ya gari itakuwa nzito kila kona.

Nilikotofautiana na Maalim ni kwenye injini ya 5E. Upana wa silinda ni ule ule wa 74, ila pistoni hutembea milimita 87 badala ya 77.4, jumla sisi 1497. Yeye aliiita tamaa. Mimi nasema kwa mtu wa Nairobi, ambako turbo huchelewa kuamka, sisi hizo 166 za ziada zina kazi, mradi uitie pistoni za mbano mdogo. Kwa mtu wa pwani, 4E-FTE nzima inatosha, na usiipandishie presha ya turbo. Iliundiwa petroli ya oktani ya juu ya Japani.

Starlet GT nzima hailetwi tena Kenya, maana gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. Utanunua injini iliyotumika, pamoja na waya na kontroli boksi yake, usikubali nusu. Kabla ya kulipa, chomoa bomba la turbo uishike shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo upande kwa upande, si neno. Ikicheza mbele na nyuma, rudisha pesa mfukoni, hata muuzaji akikuapia.