Bei ya Wiki Iliyopita

Kamera ya simu ikipiga picha, haimpi prosesa baiti moja moja aziandike. Data inaingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu, huku prosesa ikiendelea na mambo mengine. Tatizo ni kwamba prosesa ina kache yake, kijisehemu cha karibu inapoweka nakala za vitu ili isiende mbali kila mara. Ikiwa nakala iliwekwa kabla kamera haijaandika, prosesa inaweza kusoma hiyo ya zamani. Hakuna aliyedanganya. Nakala ilikuwa kweli, ila imepitwa.

Kwenye kompyuta nyingi za mezani, mitambo yenyewe hulinganisha nakala hizi. Kwenye vifaa vingi vyenye chipu za ARM, kazi inabaki kwa kerneli, ile roho ya mfumo endeshi. Kwenye Android, kerneli hiyo ni Linux. Utaratibu wake ni wa zamu. Kabla kifaa hakijasoma kumbukumbu, kerneli inahakikisha kilichobaki kwenye kache kimefika huko. Kifaa kikiwa na zamu, prosesa haigusi. Zamu ikirudi, nakala za zamani zinatupwa kwanza, ndipo prosesa inasoma.

Mtu wa Uru au Kibosho haoni ajabu hapo. Mifongo, ile mifereji ya Wachagga, imegawa maji ya Kilimanjaro kwa zamu tangu enzi za mababu, na bwawa dogo hukusanya ya usiku ili yatumike mchana. Kuweka akiba karibu siyo kosa. Nani apande hadi chanzo kila akitaka kumwagilia mgomba?

Lakini maji yakipungua kwenye bwawa, unayaona. Habari ikichakaa, haionekani.

Mama yangu mdogo aliuza kahawa yake kwa mnunuzi aliyepita kijijini. Bei aliyoijua ilikuwa ya wiki iliyopita, mjini ilishapanda. Watu wakamlaumu: si angeuliza tu? Nilipomtembelea nikamwambia, "Shikamoo mama. Pole, nasikia walikudanganya."

"Marahaba. Hawakunidanganya, baba. Bei ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli wiki ile."

Nimefanya kazi ya habari miaka kumi, na mafunzo mengi niliyopata yalihusu uongo: namna ya kuukamata na kuuanika. Kuhusu ukweli uliochakaa sikufundishwa karibu chochote. Ndiyo maana kerneli imenigusa. Haimlaumu msomaji wa nakala, kwa sababu msomaji hana namna ya kujua. Prosesa ikiangalia kache inaona namba safi kabisa, isiyo na alama ya kuchakaa. Mzigo uko kwa anayesimamia makabidhiano. Yeye ndiye anayejua kwamba kitu kimebadilika, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kufuta nakala.

Kule Uru, mkulima alikuwa na simu mkononi. Aliyejua kwamba bei imebadilika alikuwa upande wa pili wa mzani, akipima kahawa, kimya.