Eti Kiswahili hakina mambo ya ajabu?

Mshkaji ninayekaa naye geto hapa Mzinga anapanda Mgeta wiki ijayo kwa BTP. Harry Potter zote kamaliza, anataka kitu cha kusoma kwenye baridi ile. Nikamwambia achukue cha Kiswahili. Akacheka: "Kiswahili hakina mambo ya ajabu." Na somo analoenda kufundisha ni hilohilo jamani! Wanafunzi atawaambia nini?

Basi bwana, nikaanza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Mtu mwema kabisa, ila kila usiku anawachapa mijeledi manyani wawili, na roho inamuuma. Kwa nini? Sisemi. Kuna majini humo, bahari, na mji ambao watu wake wamegeuka mawe.

Kusadikika (1951) wengi tumeisoma kwa madesa, ndo maana tunaichukia. Isome bila mtihani: nchi inaelea angani, inatuma wajumbe pande sita, mpaka mbinguni, na wakirudi na mambo mema wanafungwa. Aliiandika enzi za mkoloni, mwenye macho aliona.

Kwenye begi lake nimetia Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Babu anatoka kaburini kumwandama mjukuu, kigogo aliyejisahau. Aisome usiku, peke yake, upepo wa Uluguru ukigonga bati.

Nagona ya Kezilahabi (1990) nimemnyima. Tamu, lakini inataka kichwa kilichopumzika, na yeye atakuwa anasahihisha madaftari kwa tochi ya simu.