Sauti inayofifia simu ikihamishwa nje

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa napigana na simu za kliniki moja ndogo nje kidogo ya Nairobi. Leo nawasimulia, maana najua kuna mtu mahali fulani anaumwa kichwa na tatizo hili hili.

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini ukishasomea kompyuta, kila kitu chenye waya ni chako. Mwaka uliotangulia niliwawekea Asterisk, programu huria inayogeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu za ofisi. Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 huko Marekani kwa kuwa hakuwa na pesa za kununua mtambo wa kampuni kubwa. Kliniki nayo haikuwa nazo, kwa hiyo tukaelewana haraka.

Mpangilio ni rahisi. Kuna visanduku viwili vyenye laini za simu ya mkononi. Kila kimoja kinaingia kwenye kadi ya seva kwa waya wa kawaida wa simu ya mezani. Mchana mapokezi hupokea. Usiku nesi wa zamu hupokea, na jambo likiwa zito, anamhamishia mpigaji kwa daktari aliye nyumbani. Simu inaingia kwa kisanduku cha kwanza na kutoka kwa cha pili.

Nesi mmoja, mama wa makamo, aliniambia mapema kabisa: "Kijana wangu, tukiongea hapa ndani ni sawa. Ikienda nje ndiyo inafifia." Nikamwitikia, "Sawa, Sista," kisha nikaenda kuongeza sauti kwenye simu za mezani. Nikaona nimemaliza. Ukweli ni kwamba sikumsikiliza.

Asubuhi moja nikapigiwa niende upesi. Mama mmoja alikuwa amesimama mapokezi na mtoto mgongoni. Usiku alikuwa amepiga mara tatu mtoto akiwaka homa. Kila mara nesi alimhamisha, na kila mara daktari alisikia kitu kama pumzi, akasema "Halo? Halo?" kisha akakata akidhani hakuna mtu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ndiye fundi wa simu?" Mtoto alitibiwa na akapona, lakini swali lile nililala nalo.

Nikarudi na laptopu. Nikafungua chan_dahdi.conf, faili inayosimamia laini za kadi. Humo kuna rxgain, inayoongeza sauti inayoingia kutoka kwenye laini, na txgain, inayoongeza inayotoka kwenda kwenye laini. Vipimo vyake ni desibeli. Nikaandika 3, nikawasha upya Asterisk. Hakuna tofauti. Nikaweka 6. Hakuna. Nikaweka 9, kisha 12. Wapi!

Saa nane usiku ndipo nikaona upumbavu wangu. Faili hiyo husomwa kutoka juu kwenda chini, na laini hupata tu mipangilio iliyoandikwa kabla ya mstari wake wa "channel". Mimi nilikuwa nimeandika yangu chini yake. Kwa furaha nikaihamisha juu, nikamwomba daktari apokee jaribio. Nilisahau kwamba bado ilikuwa 12 kila upande. Daktari hakusikia sauti yangu. Alisikia mluzi, kama birika linalochemka ndani ya sikio. Samahani tena, daktari.

Mluzi una sababu. Waya wa simu ya mezani ni jozi moja inayobeba sauti za pande zote mbili, ilhali ndani ya seva kila upande una njia yake. Pale njia zinapokutana, sauti kidogo huvuja na kurudi kama mwangwi. Simu iliyohamishwa nje ina makutano mawili, moja kila ncha. Ukiongeza sauti kupita kiasi, mwangwi unazunguka kati ya ncha hizo, kila mzunguko unakua, hadi unakuwa mluzi. Kwa hiyo kuongeza tu si dawa. Lazima upime kwanza.

Asterisk ina mlio wa kupimia uitwao Milliwatt, wa hezi 1004. Unafaa kwa waya, lakini simu za mkononi huweza kuuchukulia mlio usiobadilika kama kelele na kuufifisha. Nikarekodi sauti yangu nikihesabu moja hadi kumi. Nikaifanya laini ya pili ipigie laini ya kwanza, nikacheza rekodi upande mmoja na kurekodi upande wa pili. Iliporudi ilikuwa imepungua desibeli 12 hivi, yaani takriban 6 kwa kila kisanduku. Kila desibeli 6 zinazopotea hupunguza volti kwa nusu. Ndani ya kliniki nesi alipata nusu, na kwenye simu ya mezani nusu inavumilika. Daktari alipata nusu ya nusu, yaani robo. Ndicho alichoniambia Sista tangu mwanzo, bila hesabu.

Suluhisho lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, juu ya mstari wa "channel":

rxgain=3.0
txgain=0.0

Pili, nikampa daktari namba yake ya ndani, 70, na kabla ya mstari wa kupiga nikaweka:

Set(VOLUME(RX)=2)
Set(VOLUME(TX)=2)

Hapa 2 si desibeli, ni kuzidisha mara mbili, ambayo ni kama desibeli 6. Nesi huhamisha moja kwa moja bila kuongea na daktari kwanza, kwa hiyo simu ya mpigaji ndiyo inayopita mistari hii, na sauti za pande zote mbili zinaongezwa. Simu za ndani hazipandishwi kupita kiasi. Jumla nimerudisha 9 kati ya 12. Tatu nimeziacha makusudi, ili mluzi usirudi.

Nilipojaribu kwa kusema "Halo, halo, moja, mbili" kwa sauti ya fundi, Sista akanikatiza. "Usiongee hivyo. Ongea kama mtu aliye na mtoto mgonjwa usiku."

Nikatoka nje hadi getini, nikapiga, nikanong'ona umri wa mtoto na kiwango cha homa. Daktari akanirudishia vyote viwili bila kukosea.

Basi, kama simu zenu zinafifia zikihamishwa nje, angalia mstari wako uko juu au chini ya "channel", pima kabla ya kuongeza, na ongeza kidogo kidogo. Lakini hata kabla ya hayo, muulize anayepokea simu zamu ya usiku.

Haya, tutaonana.