Mtoto si sadaka

Kuna swali moja ambalo wanandoa wengi Wakristo hatupendi kuulizana: hivi pesa yetu ni ya nani? Kanisani tunaitikia haraka haraka kwamba kila kitu ni cha Mungu, sisi ni mawakili tu. Tukifika nyumbani, thubutu! Kila mtu anaficha pochi yake.

Mimi na mume wangu swali hilo lilitubana pale tulipoamua kuasili mtoto yatima. Tunaishi Musoma, nina duka dogo la vitenge. Yeye ni fundi pikipiki, gereji yake iko Bunda, na kwao ni Butiama. Mungu alikuwa ameshatujalia watoto wawili wa kiume. Binti huyu tulimfahamu kwenye kituo cha kulelea watoto, ambako akinamama wa kanisani kwetu tulikuwa tukipeleka sabuni, sukari na mchele kila Krismasi. Alikuwa na miaka mitatu, hana baba wala mama, na hakuna ndugu aliyejitokeza kumchukua. Tulikuwa tukiimba, tukipiga picha, kisha tunapanda gari na kuondoka. Yeye anabaki.

Kumpenda haikuwa shida. Shida ilianza tulipofungua daftari la matumizi. Tulikuwa na akiba ya shilingi 2,400,000, hela ya mabati ya nyumba tunayojenga Butiama. Mume wangu akatoa wazo.

"Mama watoto, mabati tusiyaguse. Ile zaka ya kila mwezi ndiyo tuielekeze kwa mtoto. Si Yakobo ameshatuambia habari za yatima?"

Nilikataa, na wala si kwa kumwogopa mchungaji! Nilimuuliza, "Baba watoto, hawa vijana wetu wawili, chakula chao tunakitoa kwenye zaka? Na sare zao je?"

Akanyamaza.

Jamani, mtoto ukimlisha kwa fungu la sadaka, utaishi ukimhesabu kuwa maskini wako. Siku akifeli mtihani au akikujibu jeuri, utamkumbusha ulikomtoa. Uliyemzaa humdai shukrani kwa sababu ya ugali. Kwa nini huyu umdai?

Tulibishana wiki mbili nzima. Mwishowe tukagawa upya: zaka ibaki zaka, binti aingie kwenye fungu la nyumbani pamoja na kaka zake, na mabati yasubiri. Ni kweli elimu bila ada ilianza mwaka 2016, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na ni nafuu kubwa. Lakini viatu, madaftari na dawa havinunuliwi kwa maombi peke yake. Tulikaa chini tukapiga hesabu ya kila kitu, kama yule mjenzi wa mnara kwenye Luka 14.

Tukaenda ofisi ya ustawi wa jamii, wote wawili. Watu wengi wanadhani kuasili ni kumchukua mtoto na kumpa jina lako, basi. Hapana. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, shauri linafika hadi Mahakama Kuu. Ofisa ustawi wa jamii anawachunguza: nyumba, kipato, tabia, hata ndoa yenyewe. Mtoto huanza kukaa nanyi kwanza kwa malezi ya kambo, kabla ya amri ya mahakama. Na mahakama lazima iridhike kwamba hakuna mtu aliyelipwa kwa ajili ya mtoto huyo. Amri ikishatoka, anakuwa mwanenu kabisa. Mkifariki bila kuacha wosia, anarithi sawa na aliyezaliwa tumboni mwako.

Neno hilo la urithi ndilo lililowasha moto Butiama. Baba mkwe alituita tukae na wazee. Mtoto wa marehemu ndugu yako unamleta nyumbani na hakuna anayeshangaa, lakini huyu ni wa ukoo gani? Baba mdogo wa mume wangu alisema waziwazi: "Mlisheni, msomesheni, mtapata thawabu. Ila shamba asiguse."

Unaona? Ni yale yale ya zaka. Kama sadaka anakaribishwa, kama mtoto anafungiwa mlango.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisimama. Akawakumbusha wazee kuhusu Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa hapo hapo Butiama mwaka 1922 na kuzikwa hapo hapo mwaka 1999. Kwenye andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, Mwalimu alianzia kwenye jamaa, akataka jamaa hiyo ipanuke kupita kabila, hata kupita taifa. "Sasa wazee wangu," akasema, "ipanuke mpaka huko kote, halafu ishindwe kumpokea mtoto mmoja kwenye boma letu?"

Wazee wakacheka. Baba mkwe akasema fungu la shamba atakalompa mwanawe, mwanawe ataligawa apendavyo. Baba mdogo hakucheka. Mpaka leo anamwita binti yangu "mgeni", na kwa kweli inaniuma.

Sasa yuko darasa la pili. Nyumba ya Butiama imeezekwa nusu, tukienda tunabanana vyumba viwili. Wosia tumeshauandika: majina matatu, mafungu sawa.

Wewe na mwenzio mkiguswa na jambo hili, msikimbilie kituoni. Fungueni kwanza daftari lenu. Mkiona jina la mtoto linakaa vizuri tu kwenye mstari wa sadaka, endeleeni kupeleka sabuni na sukari, ni kazi njema na watoto wanaihitaji sana. Lakini mkiweza kuliandika pamoja na majina ya watoto wenu, kwenye chakula, kwenye sare na kwenye wosia, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri yenu. Nendeni wote wawili.